Mkono Alioukubali

Kwetu Mbozi, enzi zile nilipokuwa nazaa, mtoto mchanga hakubembelezwa kunywa uji. Mama alikaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikining'inia kidogo magotini. Kiganja cha kushoto alikikunja akakibandika chini ya mdomo wa mtoto, kikawa kama bakuli, kisha akamimina uji humo. Mtoto akitaka kupumua, ilimbidi ameze kwanza. Akikaza mdomo, alibanwa pua. Dakika tano kikombe kimekwisha, mtoto anapigwapigwa mgongoni, anacheua, analala, na mama anarudi zake shambani. Ndivyo mama yangu alivyoninywesha mimi, na ndivyo nilivyowanywesha watoto wangu wawili wa kwanza, msichana na mvulana. Wote wawili walinenepa, hata mama mkwe wangu akawa anawaonyesha wageni.

Naanza na uji kwa sababu watu wakisikia habari za mtoto wangu wa tatu hudhani shida yetu ilikuwa miguu. Miguu tuliizoea. Shida yetu ilikuwa mdomo.

Alizaliwa msimu wa kuchuma kahawa, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na magari yao, baada ya siku nzima na nusu ya uchungu kwenye zahanati isiyo na gari wala simu. Hakulia. Mkunga alimgeuza, akampiga makalioni, akamnyunyizia maji baridi, mpaka akatoa sauti kama paka aliyebanwa na mlango. Niliifurahia sauti ile kupita kiasi. Miezi sita ilipita kabla sijakubali kwamba shingo haikazi, na mwaka mzima kabla daktari mmoja hajaniambia kuwa ule ni mtindio wa ubongo, na kwamba macho yake nayo yanaona mwanga na vivuli tu. Nikamuuliza dawa yake. Akasema mazoezi. Akanionyesha mara moja jinsi ya kuikunja miguu na kuinyoosha, harakaharaka, kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje kwenye majani.

Baba yao alikuwa utingo wa malori Tunduma, yale yanayovuka kwenda Zambia, na nyumbani alifika mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine mara moja. Akija alimbeba mtoto mabegani, akazunguka naye kijiji kizima, akamwimbia, akamrudisha, akaondoka. Mimi nilibaki na uji.

Na uji haukushuka. Nilimlaza kama nilivyowalaza wenzake, nikamimina, ukaingia ukakosa njia. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu, akatoa uji puani, akanyooka mwili wote kama ubao. Nilipomwambia mama mkwe, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili uani kwetu, alikuja akatazama akatikisa kichwa.

"Huyu ni mvivu wa kumeza," alisema. "Ukimhurumia atakufa na njaa mikononi mwako. Mkaze, mwanangu."

Nikamkaza. Mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki na simtupii lawama, maana kiganja kilikuwa changu. Mara tatu kwa siku, kwa miaka mitatu, nilimlaza mwanangu chali nikamziba mdomo kwa uji. Kila nilipotaka kumimina nilimbembeleza kwanza, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilijua kinachomjia. "Kunywa, baba," nilimwambia. "Kunywa, baba yangu." Kisha namimina. Dawa za malaria zilipita njia hiyohiyo, na mizizi ya kuchemsha niliyopewa na mzee mmoja wa Msangano, chungu hata mimi mwenyewe niliionja nikatema.

Kliniki, nesi alimpima, akatazama kadi, akanitazama mimi.

"Mama, kwani humlishi mtoto huyu?"

Nilimchukia nesi yule kwa moyo wangu wote. Nilikuwa simfanyii mtoto yule kitu kingine chochote isipokuwa kumlisha.

Siku mambo yalipobadilika tulikuwa tunakoboa. Kahawa iliyochumwa asubuhi hailazwi na maganda yake, lazima ipite kwenye mashine siku hiyohiyo, na mashine yetu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, ya kupokezana na majirani. Zamu yangu ilifika mchana, saa ya uji ikanipita. Nikamsikia mtoto analia ndani, kisha nikamsikia amenyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonitoa mbio.

Nilimkuta binti yangu mlangoni. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Ameketi ameegemea ukuta, mdogo wake amempakata katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto umelala tumboni kwake. Mkono mmoja ameuzungusha kwenye paji la uso wa mtoto, kichwa kimeinama mbele kidogo, wakati sisi wote tuliwainamisha watoto vichwa nyuma. Mkono wa pili una kijiko cha sukari. Anachota kidogo, anakiingiza pembeni, ndani ya shavu, anakitoa. Halafu anangoja. Anangoja mpaka koo lipande na kushuka, na bado anangoja kidogo tena. Hasemi neno. Sijapata kumwona mtoto wa umri ule akikaa kimya kiasi kile.

Nusu kikombe kilikwisha bila kikohozi hata kimoja.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema. "Nilitaka tu aache kukohoa."

Mtu mwema angefurahi, akaishia hapo. Mimi nilifurahi na nikaona wivu, vyote viwili, na kesho yake asubuhi nikachukua kijiko kilekile ili nimwonyeshe nani mama. Nilimpakata, nikamwambia "Kunywa, baba," nikapeleka kijiko. Alifunga mdomo kama kufuli. Alikaza shingo ileile ambayo nilishakubali kwamba haikazi. Nilijaribu mchana, nikajaribu jioni, na siku iliyofuata. Binti yangu alipochukua kijiko, mdomo ukafunguka. Ikawa ndivyo hivyo: alikuwa amepata mkono usiomzamisha, na mikono mingine yote akaikataa, wa kwanza wangu.

Basi nyumba yetu ikaanza kwenda kwa saa ya msichana wa darasa la tatu. Alimlisha alfajiri kabla ya shule, akarudi mbio saa ya mapumziko, akamlisha tena jioni, na kila mlo ulikula karibu saa nzima. Alichapwa mara kadhaa kwa kuchelewa kurudi darasani, wala hakuniambia. Niliona alama za fimbo alipokuwa anaoga. Nilikwenda shuleni nikapiga kelele ambazo wanakijiji waliziongelea mwezi mzima. Hawakumchapa tena.

Mtoto alianza kunenepa. Kwenye kadi alitoka kwenye rangi nyekundu, na nesi yuleyule alinipongeza. Nilipokea pongezi zake. Sikumwambia ni za nani.

Kaka yao, yule wa kati, yeye alimpenda mdogo wake kwa namna yake. Alimpakia kwenye toroli juu ya magunia, akamkimbiza kwenye vijia vya kahawa, akampeleka kwenye mashine ya kukoboa, kwa sababu mlio wa mashine ulimfanya mtoto acheke mpaka machozi yanatoka. Lakini mwaka mmoja aliugua malaria, akalala siku tatu, na siku ya tatu nikamsikia anamwambia dada yake, "Nipe na mimi uji kwa kijiko."

"Wewe una mikono," dada akasema, akiwa anatoka na kikombe cha mwenzake.

"Kwani mimi si mdogo wako?"

Dada alisimama pale mlangoni, kikombe mkononi, asijue aende wapi. Nilichukua kijiko nikamlisha mimi yule mgonjwa. Alikula, lakini alikuwa anautazama mlango. Nilijua kuwa katika nyumba ile mtoto mmoja alikuwa amefanywa mama na mwingine amefanywa mgeni, na sikuwa na la kufanya. Ningewarudishia nini, na kwa mikono ipi?

Miaka ikaenda hivyo. Binti yangu akafika darasa la saba. Siku hizo sekondari hazikuwa kila kata kama zilivyo sasa. Shule nzima ingeweza kufanya mtihani na asichaguliwe hata mmoja. Majina yalipotoka alikuwa amechaguliwa yeye na mvulana mmoja tu. Yeye alipangiwa shule ya bweni, ya wasichana, mkoa mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Wanawake walikuja uani wakapiga vigelegele, nami nikapiga, tena kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa naye mtoto mgongoni, ana miaka minane sasa, miguu yake inanigonga magotini, na nilikuwa najiuliza ataishi siku ngapi bila kula.

Fomu ya kujiunga aliileta mwalimu mkuu mwenyewe, binti yangu akiwa kisimani. Ilikuwa na orodha ya vitu: tranka, godoro, ndoo, fyekeo. Chini kabisa iliandikwa kwamba asiyeripoti ndani ya wiki mbili za mwanzo nafasi yake atapewa mwingine. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaikunja, nikaingia jikoni, nikaifukia kwenye debe la unga wa ulezi.

Sikupanga. Napenda kusema sikupanga. Lakini alipouliza, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba fomu haijafika, pengine imekwama wilayani. Baba yao alipokuja nikamwambia vilevile, akasema serikali ndivyo ilivyo, akaondoka. Mama mkwe ndiye peke yake niliyemwambia ukweli.

"Umefanya vizuri," alisema. "Mtoto wa kike akae, amlee mdogo wake. Sekondari itampa nini?"

Kusifiwa kule kulinikera kuliko ningetukanwa. Bado sikuitoa fomu. Nilijiambia nitaitoa kesho. Mahindi yalikuwa yanataka palizi, mvua zilikuwa nyingi, na kila siku ilikuwa na sababu yake. Shule zikafunguliwa. Wiki ya kwanza ikapita. Yule mvulana mwenzake akaenda zake, na wazazi wake wakanipita njiani na sikuwaangalia usoni.

Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa napepeta maharage uani. Binti yangu alitoka jikoni na kikombe cha uji, akachuchumaa karibu nami.

"Mama," akasema, "ile karatasi kwenye debe la ulezi imeanza kuliwa na wadudu. Niihamishe?"

Ungo ulinitoka mikononi. Mtu gani huficha kitu kwenye debe ambalo mtoto huyohuyo analifungua mara tatu kwa siku? Nimeliuliza swali hilo miaka mingi. Labda nilitaka ionekane. Labda nilikuwa mjinga tu.

"Umeiona lini?"

"Siku ileile."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja utakavyosema wewe."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya; ningemgombeza, ningekuwa mama. Lakini alikuwa ananitazama kwa subira ileile aliyomtazamia mdogo wake baada ya kila kijiko, anangoja koo langu lipande na kushuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mtoto wa miaka kumi na minne maneno haya: "Ukienda, atakufa."

Uji ulikuwa unapoa. Akaukoroga, akasema, "Basi nikufundishe, mama. Siku bado zipo."

Siku zilikuwa tano, na moja kati ya hizo ni ya safari. Tulituma ujumbe Tunduma kwa dereva wa pikapu, baba yao aje na tranka.

Tulianza na kaka yao, yule wa kati, maana mimi nilikuwa najulikana kuwa sifai. Ikashindikana mara moja. Mtoto alimjua kaka yake kwa michezo. Alipohisi kaka yuko nyuma yake tu alianza kucheka, na kucheka na uji mdomoni ni hatari kuliko kulia. Mara mbili alipaliwa. Kaka yake akaweka kijiko chini akaenda nyuma ya nyumba, na alikaa huko muda mrefu. Mikono ya mama mkwe ilikuwa inatetemeka kwa uzee. Nikabaki mimi.

Siku ya kwanza alifunga mdomo toka asubuhi hadi jioni, na dada yake akamlisha kwa kumhurumia. Siku ya pili binti yangu alinipanga kama anavyopangwa mtoto: kaa hivi, egemea hapa, mvute karibu, mkono kwenye paji, siyo kwenye kidevu, kidevu usikiguse kabisa. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika kijiko. Tukachota pamoja. Mdomo ukafunguka. Tukangoja. Akameza. Mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne nikahisi mkono wake unaniacha taratibu, na kijiko kikaenda kwa mkono wangu peke yake, na mdomo ukafunguka.

Miaka minane. Nilijaa furaha mpaka pumzi ikanikatika. "Kunywa, baba," nikamwambia sikioni. "Kunywa, baba yangu."

Alijirusha nyuma. Kichwa chake kilinipiga mdomoni nikasikia ladha ya damu, mwili ukanyooka, kikombe kikapinduka, na akaanza kukohoa ingawa hakuwa na kitu kooni. Dada yake alimchukua. Ilimchukua muda kumtuliza.

"Ni yale maneno, mama," akasema alipotulia. Alisema kwa sauti ndogo, hakunitazama. "Ukiyasema anajua anabanwa pumzi."

Nimefiwa na wazazi, nimepoteza shamba, nimezeeka. Hakuna kilichowahi kuniuma kama pale. Nilikuwa na maneno mawili ya mapenzi duniani ya kumwambia mwanangu, na nilikuwa nimeyatumia, mara tatu kwa siku, kumwonya kwamba namzamisha.

"Nimwambie nini basi?"

"Usimwambie kitu."

"Hata akimaliza?"

"Hata akimaliza. Ni sauti yenyewe, mama. Ukimlisha usiwe na sauti. Nje ya uji ongea tu, hana neno. Ila kwenye uji usikohoe hata kidogo."

Siku ya tatu nilijaribu bila sauti, dada yake ameketi hatua moja kutoka kwetu. Mtoto alikula nusu. Siku ya nne, asubuhi, akagoma, sijui kwa nini, jioni akala. Huo ndio uhakika niliokuwa nao, mlo mmoja na nusu. Siku ya tano ilikuwa ya safari.

Baba yao alikuwa amefika na tranka, amelifunga nyuma ya baiskeli pamoja na godoro, fyekeo limetokeza juu. Basi lilikuwa linapita barabara kuu saa nne, na kutoka kwetu hadi barabarani ni mwendo wa nusu saa. Saa tatu binti yangu alikuwa tayari, sketi mpya, viatu vya mtoto wa kiume wa shangazi yake, vikubwa kidogo. Alipika uji mwenyewe. Akanikabidhi kikombe na kijiko.

"Sitoki mpaka nimwone anakula kwako," akasema.

"Mtachelewa," baba yao akasema toka nje.

"Basi nichelewe."

Nikaketi pale mlangoni. Nikampakata mtoto, nikaweka mkono kwenye paji. Moyo wangu ulikuwa unapiga mgongoni kwake na niliogopa ataujua. Nikachota. Mdomo ulikaa umefungwa. Nikangoja na kijiko hewani, dada yake amesimama mbele yetu, ameshika mkono wa kaka yake, wote wawili wanautazama mdomo ule kama watu wanaongoja mvua. Hatimaye ukafunguka. Akameza. Nikampa kingine, akameza. Kingine.

Binti yangu alitazama vijiko saba, nilivihesabu. Kisha akaanza kurudi nyuma, polepole, kwa vidole vya miguu, asisikike. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anaondoka sasa. Miezi mitano mpaka likizo, mtoto wangu wa kwanza, na nilikuwa na kila kitu cha kumwambia: nilitaka kumwomba radhi kwa ile karatasi, nilitaka kumwambia asijitese kwa ajili yetu, awe mtoto huko aendako. Nilitaka angalau kumwambia nenda salama, mwanangu. Nikifungua mdomo tu, mdogo wake atafunga wake, na dada hatakwenda. Tulitazamana. Aliweka kidole midomoni, kunikumbusha. Nikainua kijiko kidogo, kama kumpungia, na akageuka akaenda, kaka yake nyuma yake amembebea ndoo.

Nilisikia baiskeli inalia mpaka kwenye kona ya migomba, kisha sikuisikia. Machozi yalinishuka na sikuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mtoto aliendelea kula. Alikula vizuri kuliko siku zote nilizowahi kumlisha. Katikati ya kikombe aligeuza kichwa, kwa taabu kama ilivyo kawaida yake, akakilaza kifuani kwangu, macho yake yakinitafuta juu mahali asipoweza kuniona. Midomo yake ilihangaika. Mtoto huyu alikuwa hajapata kutamka neno maishani mwake.

"Dada," akasema.

Kikombe kilikuwa bado na nusu. Sikumjibu. Nikachota kijiko kingine, nikakiingiza ndani ya shavu, nikangoja ameze.